Kumeza Kilio

Kamanga, Sengerema
11 Februari 2024

Kwa mjukuu wangu Chenge Paulo, huko uliko,

Anayeandika ni babu yako Machibya, mwenye miaka themanini na moja, na meno yangu mengi bado ninayo. Nimezika wake wawili. Nimezika ndugu zangu wote tulionyonya titi moja, na baba yako Paulo, ambaye kwa haki yeye ndiye aliyepaswa kunizika mimi. Nimepita kipindupindu, nimepita njaa ile ya unga wa njano wa msaada tuliouita yanga, nimepita vita ya mwaka sabini na tisa. Hata mamba wa hapa bandarini alimchukua mbwa wangu nikiwa nimeshika kamba. Mbwa alikwenda, kamba ninayo mpaka leo. Basi usione mwandiko wangu unayumba ukadhani ni uzee. Ni kalamu mbaya.

Naandika mwenyewe. Mama yako Evelina alitaka aniandikie, nikakataa. Sikusoma ngumbaru bure.

Rose, binti wa Msalaba Mwekundu pale Mwanza, amenisomea masharti ya barua za mateka. Niandike habari za familia tu, na barua haifungwi, itasomwa njiani na kila mwenye macho. Nikamwambia, binti, mimi sina siri, maisha yangu yote nimesema kwa sauti.

Sasa habari. Mama yako mzima ila goti. Mke wetu Dorcas yuko Pasiansi nyumba ileile, anashona. Shangazi yako Justa anaongea kama kawaida, hajachoka. Mvua imetupa mpunga mzuri. Yule fahali mwekundu hayupo, usiulize.

Tulikuona. Shaibu wa duka la misumari alikuja na simu yake, tukakuona umekaa, ukataja jina lako na cheo chako. Kabla ya hapo walikuonyesha umesimama majanini. Evelina alianguka chini kwa furaha. Mimi sikuanguka. Nilitazama mikono yako. Ulikuwa umeinyanyua juu.

Sikuulizi. Masharti yanakataza, na hata yasingekataza nisingeuliza. Nilikuambia pale kivukoni siku unaondoka kwamba mtu wa ukoo wetu hashikwi. Nadhani ulisikia, masikio unayo.

Kula wanachokupa. Usiwe mwembamba.

Babu yako,
Machibya


30 Machi 2024

Shikamoo Guku,

Barua yako imefika ikinuka ugoro, nikajua ni yako kabla sijaona mwandiko. Niliiweka shingoni siku nzima kama mtoto aliyevalishwa hirizi. Wasalimie wote. Mwambie mama goti alikande kwa maji ya chumvi, si kwa mafuta anayouziwa mnadani. Mwambie shangazi Justa kwamba hapa ni kimya sana na ningelipa ng'ombe nimsikie akiongea tangu asubuhi hadi jua linazama.

Mimi mzima. Tumewekwa kwenye nyumba iliyokuwa ghala la kahawa, bado inanukia. Tunakula (hapa mistari miwili imepakwa wino mweusi). Tumepewa kipande cha uwanja, tumepanda mchicha. Huwezi kuamini, Guku, nalima. Wewe ulisema sitashika jembe tena tangu nilipoanza kupaa.

Kila asubuhi nakaa juu ya debe, nafumba macho, na kupitia vifaa vya helikopta yangu kimoja kimoja kama nataka kuondoka. Mkono unatafuta swichi hewani. Nisipofanya hivyo nitasahau, na rubani aliyesahau ni abiria. Mlinzi mmoja alinikuta hivyo akaniuliza, "Rubani, leo unakwenda wapi?" Nikamwambia naenda Mwanza. Akasema, "Ukirudi tuletee dagaa." Tukacheka wote wawili, halafu kila mmoja akatazama kwake.

Kuhusu mikono siwezi kusema. Ninachoomba ni kwamba ile video msiitazame tena, na Shaibu aifute. Najua watu wa Kamanga. Najua wanasimama wapi na kucheka vipi.

Dorcas hajaniandikia. Rose angempa karatasi. Kama mkono wake unakataa, basi nitumieni picha, masharti yanaruhusu. Picha yenu wote mkiwa uani.

Na fahali amepatwa na nini? Umesema nisiulize, sasa nauliza.

Mjukuu wako na mume mwenzio,
Chenge


Kamanga, Sengerema
9 Juni 2024

Kwa mjukuu wangu Chenge,

Nilikuwepo jana, nipo leo, na kesho nitawashangaza. Barua yako ilichelewa njiani kama bibi harusi. Tumeisoma. Yaani mimi nimeisoma, kwa sauti, Evelina akasikiliza amejifunika uso.

Picha hii hapa. Aliyepiga ni Nasma, binti wa Shaibu. Mimi ndiye nimekaa kwenye kiti, wengine wamesimama, kama inavyopasa. Nasma alisema, "Babu cheka kidogo," nikamwambia sijalipwa kucheka. Tazama mabega yangu. Umri huu, mabega haya! Shaibu anasema ni koti. Mtani hakosi neno.

Dorcas alivuka na kivuko kwa ajili ya picha, akarudi siku hiyohiyo. Kuandika anasema bado. Ukiona kichwa chake, amenyoa. Joto la Pasiansi mwaka huu limezidi, yale mawe yanapika watu. Evelina naye alimwiga, ndivyo walivyo wanawake. Mimi nywele zangu zilikuwa zinaondoka zenyewe.

Kule nyuma ya bega langu pana kitu cha saruji, usikihangaikie. Ni saruji tu.

Fahali tulimla. Sasa unajua.

Umesema unalima mchicha. Mchicha ni mboga ya wanawake, lakini ni chakula. Mimi wakati wa vita ya sabini na tisa nililinda pwani hii kwa rungu na tochi, ndege ya adui ikapita juu yangu na sikuinama. Hakuna aliyenishika. Nakukumbusha tu, si kwa ubaya.

Machibya


21 Julai 2024

Shikamoo Guku,

Nawashukuru kwa picha. Nimeibandika ukutani kwa ugali. Mama amekonda. Wewe ni koti.

Kazi yangu, Guku, ni kutazama ardhi kutoka mbali na kusema pale pana nini. Nimefundishwa hivyo, nimelipwa kwa hivyo. Nimeitazama picha hii mwezi mzima. Dorcas amenyoa. Mama amenyoa. Shangazi Justa, ambaye nywele zake ni fahari yake kuliko ubatizo wake, amenyoa. Mama amejifunga kaniki. Na nyuma yako pana saruji mpya, ndefu kama kitanda.

Nani amekufa?

Nimewahesabu wote mlio kwenye picha, na nimewakumbuka wasiokuwepo, na siwezi kumpata. Kama ni mtu wa nyumbani mnaogopa kuniambia kwa sababu niko huku, msiogope. Huku mtu anazoea kusikia. Wiki iliyopita (hapa mstari mmoja umepakwa wino mweusi) tukamwimbia.

Lingine. Yanasemwa maneno ya kubadilishana sisi na watu wao. Majeruhi wanatangulia, sisi wengine hatujui. Lakini kama siku hiyo ikifika, nimeamua nitaomba nipangiwe kazi mbali, kusini huko, Songea au popote. Sitakuja Kamanga. Usikasirike. Mtu aliyenyoosha mikono mbele ya dunia nzima anakaa wapi katika nyumba yako? Kiti kimoja unacho, na umekikalia wewe. Sijasahau maneno ya kivukoni. Niliyasikia pia siku ile majanini, kabla sijasikia ya hao waliokuwa wamenielekezea bunduki.

Mwambie Dorcas akitaka kurudi kwao simzuii.

Chenge


Kamanga, Sengerema
15 Septemba 2024

Chenge,

Hajafa mtu. Nasema hajafa mtu. Saruji ni ya kuanikia dagaa. Siku hizi tunaanika kisasa, mchanga hauingii.

Habari za nywele waulize wenye nywele.

Na maneno ya Songea usiniandikie tena. Songea una nani? Mtu anarudi kwao. Hata mbuzi anajua. Nimekasirika mpaka Rose amenipa maji. Anasema niongeze salamu, karatasi bado ina nafasi. Salamu hizo.

Machibya


27 Oktoba 2024

Shikamoo Guku,

Saruji ya kuanikia dagaa haiwekewi msalaba. Msalaba uko pembeni ya picha, umekatwa nusu, lakini mkono wake mmoja unaonekana juu ya sikio lako.

Guku, ni mimi niliyekufa?

Nimekaa na swali hili tangu barua yako ifike. Nilicheka kwanza. Nikawasimulia wenzangu, wakaanza kuniita Marehemu. "Marehemu, zamu yako kuchota maji." Halafu siku ya pili sikuweza kuamka.

Nakumbuka alivyotusimulia bibi, kisa cha yule mvuvi wa ukoo wetu aliyepotea na upepo, akaliliwa, akazikiwa mgomba badala ya mwili, kisha akatokea Ukerewe mzima. Alikaa nje ya boma miezi mingapi? Hakuna aliyetamka jina lake. Mkewe alibaki na kichwa cha mjane huku akimwona ng'ambo ya uzio. Mpaka aliyeanzisha kilio akimeze: apite kwa miguu kila mji alikopeleka habari, amezeshwe tonge la ugali baridi bila mboga, amesimama, watani wakimtukana wanavyotaka. Na mwisho amwamkie yule aliyemwua kwa mdomo. Amwamkie shikamoo, hata kama ni mtoto wake, kwa kuwa ametoka kwa wazee waliolala.

Kwa hiyo nauliza jambo moja tu, na masharti hayakatazi kwa sababu ni habari ya familia. Nani alianzisha kilio?

Kama ni shangazi Justa, hata sina wasiwasi. Atameza kabla ya Jumapili na ataomba aongezewe. Kama ni mama, atameza akilia. Lakini kama ni wewe, Guku, basi naelewa kila kitu, naelewa na joto la Pasiansi. Wewe hujawahi kumeza hata mate mbele ya watu. Na kama ni wewe, usinilaumu kwa Songea. Nyumbani kwako mimi ni udongo, na njia umeifunga mwenyewe.

Sina hasira. Nina aibu, na nilidhani ninayo peke yangu.

Chenge


Kamanga, Sengerema
8 Desemba 2024

Chenge,

Leo sitaji umri wangu. Umri si kitu.

Ni mimi.

Walikuja wanajeshi wawili mwezi wa Novemba mwaka jana, watu wa heshima, wakavua kofia. Wakasema helikopta imeonekana imeungua, Kapteni hajulikani alipo, familia isubiri. Dorcas alikuwepo, alikuwa amelala hapa. Akasema, "Tutasubiri." Mimi nikasimama nikasema, "Asiyejulikana alipo amekufa. Watu wetu hawashikwi." Dorcas akanishika shati. "Babu, subiri. Nakupigia magoti, subiri." Nikamtoa mkono, nikapanda baiskeli.

Nilipita mji kwa mji nikipaza sauti kwamba mjukuu wangu amekufa kiume. Sikuwa nalia, Chenge. Nilikuwa najisifu. Hilo ndilo linaloniamsha alfajiri. Msiba wako niliupenda. Watu walinipisha njiani. Mkuu wa kata alinipa kiti chake. Nikamchinja fahali mwekundu, tukauvika mgomba shati lako la shule, tukauzika. Mhoja fundi akajenga kwa saruji, akaniuliza aandike nini. Nikamwambia, andika KAPTENI CHENGE PAULO. Chini yake andika HAKUSHIKWA.

Halafu Shaibu akaja na simu.

Wote walinigeukia. Evelina alipoinuka pale chini alisema, "Baba, sasa umeze." Nikasema ile video ni uongo, watu wa simu wanaweza kutengeneza mtu na kumpa sauti. Nilisema hivyo mbele ya watu, na kesho yake nikapanda kivuko kwenda kwa Rose kuomba karatasi ya kukuandikia. Hivyo ndivyo nilivyoishi mwaka huu. Mwanza nilikuwa na mjukuu, Kamanga nilikuwa na kaburi. Barua zako nilizisoma nimeketi juu ya saruji yako, maana hapakuwa na mahali pengine watu wasingenifuata.

Hata barua yako hii ya mwisho nilitaka kuijibu kwa ukali. Nilishaanza. Niliandika kwamba mtoto hamfundishi babu desturi. Karatasi hiyo nimeitia jikoni, na sababu nakueleza.

Alikuja mgeni. Mwanamke, ana gongo, mguu mmoja haujanyooka. Nilikuwa nafagia uani. Akasema, "Shikamoo babu, hapa ndipo kwa Mzee Machibya?" Nikasema ndipo, na Machibya mwenyewe ndiye mimi. Akasema anaitwa Sajenti Teodora, mwuguzi wa jeshi, mtu wa Bukoba, karudishwa pamoja na majeruhi wengine. Nikamwambia karibu kiti. Hakukaa. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

"Hili kaburi la nani?"

Nikainamia ufagio. Akasogea na gongo lake, akainama, akasoma kwa sauti. KAPTENI CHENGE PAULO. HAKUSHIKWA. Akacheka, Chenge. Alicheka mpaka akaushika msalaba wako asianguke. Halafu kicheko kikakatika.

"Babu, nani ameandika hivi?"

"Mimi."

"Alishikwa," akasema. "Alishikwa mbele yangu. Mzigo uliomshikisha ni mimi hapa, na majeruhi wenzangu. Mnataka kuuona?" Akauinua mguu ule.

Akanieleza kwamba mliposhuka pale kwa shida mlikuwa na nafasi. Rubani mwenzako alikimbilia msituni, akafika mpakani, na kwao wamemchinjia. Wewe ulikimbia naye hatua chache, ukasimama, ukarudi. Ulirudi kwenye chombo kinachowaka ukawavuta wasioweza kutembea. Na wale watu walipotokea majanini, ulisimama mbele ya majeruhi ukainua mikono, ukasema hawa hawawezi kutembea, nichukueni mimi, hawa wapeni maji.

"Mikono hiyo ndiyo inayowaaibisha?" akaniuliza. "Mimi mikono hiyo ndiyo iliyonifunga mguu. Kila siku kule ghalani alikuwa ananiuliza, 'Sajenti, unadhani babu yangu ataniangaliaje?' Nikimwambia atafurahi. Sikumjua babu mwenyewe."

Chenge, mimi nimetukanwa na watu wengi na wote nimewajibu. Huyu sikumjibu. Evelina alimtolea maziwa, akanywa, akaondoka na kivuko cha jioni. Nikabaki pale na ufagio.

Asubuhi nilianza kutembea. Baiskeli niliikokota pembeni, sikuipanda, kwa kuwa ndiyo iliyonipeleka.

Mji wa kwanza ni kwa Justa, shangazi yako. Alikuwa na ugali baridi tayari. Unadhani alijuaje? Nadhani alikuwa akiuweka kila asubuhi tangu Februari. Nikasimama nikasema, "Nilileta kilio hapa, nimekuja kukichukua. Chenge yu hai. Nilisema uongo." Nikapewa tonge. Lilikuwa gumu kama kisigino. Justa, mara ya kwanza katika maisha yake, hakusema neno. Alinitazama koo.

Kwa Shaibu ilikuwa balaa. Yeye ni Mzaramo kwa babu yake, na kwetu Mzaramo ni mtani, hana breki. Aliwaita watu dukani. "Jamani njooni, Msukuma kafufua! Wewe mzee, nilikupa pole hapa, naidai pole yangu. Nilikuletea mchele, nautaka punje kwa punje. Na machozi ya mke wangu Mwaija utayarudishaje, kwa chupa?" Watu wanacheka. Nikamwambia kwa shida, tonge limekwama, kwamba nilidhani wewe, Chenge, umekufa kama sisi watu wa vita. Akasema, "Vita gani? Mwaka sabini na tisa vita ilikuwa Kagera, wewe ulikuwa unalinda tangi la maji pale stesheni! Angekushika nani, mbu?"

Chenge, ni kweli lilikuwa tangi. Na ndege ile ilipita mbali. Ila sikuinama.

Nilipita miji yote, na kwa mkuu wa kata, ambaye safari hii alikikalia kiti chake, mimi nikasimama pembeni. Tumbo lilikuwa kama jiwe. Siku ya pili nikavuka kwenda Pasiansi kwa Dorcas. Nilimwacha mwisho kwa woga, si kwa heshima. Alikuwa kwenye cherehani. Nikasema maneno yangu. Hakucheka kama wengine. Akaingia ndani, akatoka na ugali wa jana kwenye sahani ya bati, akasimama mbele yangu huku natafuna, mpaka nikamaliza.

"Nilikushika shati, babu."

"Ulinishika."

"Sikuandika kwa Chenge kwa sababu ningeandika nini? Nimwambie mume wangu kwamba mimi ni mjane wake?"

Akafungua kitambaa kichwani, akakitupa kwenye kapu la vipande vya nguo, akarudi kushona. Kichwa chake kina nywele changa, kama mpunga wa wiki ya kwanza. Nilipokuwa natoka aliniita, "Babu, maji ya kunywa haya. Usife kwa ugali kabla hajarudi." Barua yake imo humuhumu, imekunjwa ndani ya yangu. Sijaisoma. Nimejifunza.

Kaburi tumelifungua. Mhoja alivunja saruji, mgomba tukautoa, umeoza, shati pia. Shimo nimekataza lisifukiwe. Ni langu. Nimeshalilipia, kwa pesa na kwa koo, na kwa umri wangu si ubadhirifu. Usije ukaligombania.

Rose amesoma mpaka hapa akasema, "Mzee, hapa pana mambo ya vita, sijui kama yatapita." Nikamwambia, binti, hakuna vita hapa, hapa pana familia tu. Kama wenye wino mweusi watafuta mengine, naomba wasifute haya yanayofuata.

Nilikuambia mtu wa ukoo wetu hashikwi. Lilikuwa neno la mtu aliyelinda tangi. Ukitoka, njoo. Kiti changu kimoja nimekitoa nje, nimemwagiza Mhoja atengeneze cha pili kinacholingana nacho. Ukienda Songea nitakufuata Songea, na unajua nikianza kutembea sirudi njiani.

Wanaoweza kushuhudia haya ni hawa. Mhoja fundi, aliyeandika lile neno na akalivunja. Shaibu, ambaye ataongeza chumvi, mwamini nusu. Shangazi yako Justa, ambaye angalau safari hii alinyamaza. Mama yako Evelina, aliyeniona nikitembea. Sajenti Teodora wa Bukoba, aliyelisoma kaburi. Mke wetu Dorcas, aliyeishika sahani. Na huyu Rose, aliyekaa mbele yangu sasa hivi kwenye meza yake, watu wengine wakiwa kwenye foleni nyuma yangu wananisikia. Wote hao watakuambia kwamba nimesimama, nimevua kofia, nimetamka kwa sauti kabla ya kuandika:

Shikamoo, Chenge.

Nangoja marahaba yako.

Machibya